Mabuibui Katika Vumbi la Magadi

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana nimewasikia nyinyi vijana mkisimulia kisa hiki bila majina yake ya kweli, na majina ndicho kitu nilicho nacho.

Alikuwepo Mzee arap Chumo, nyapara wa uwanja wa ndege, mtu wa Kericho aliyehamia Nakuru akiwa kijana. Alikuwepo Fundi Kartar, Kalasinga wa injini, ambaye mkewe alikuwa akinunua vitambaa kwa marehemu baba yangu. Alikuwepo Bwana Lindsey, mzungu msimamizi wa uwanja, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu. Alikuwepo Bi Khadija, mama mkwe wangu, na wanawake wa Bondeni aliokuja nao: Bi Mwanaisha mke wa mshona viatu, na mdogo wake Halima; Bi Asha Mnubi, aliyekuwa somo yangu nilipoolewa; Fatuma na Maryam, mabinti wa mwalimu wa chuo; na Mama Saburi, jirani wa mlango kwa mlango. Alikuwepo Wanjiru wa Dundori, mwenzangu wa kazi. Nilikuwepo mimi, Zuhura. Na huko juu, ndani ya ndege, walikuwemo Kapteni Dawson rubani, na mume wangu Juma.

Wengine mliowasikia wakitajwa kwenye harusi hawakuwepo. Waliletwa na utamu wa maneno.

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Rehema, aliyepata kazi kwenye uwanja mkubwa wa ndege wanaoujenga. Alikuja hapa Section 58 amevaa kizibao cha kung'aa, akaniuliza, "Nyanya, zamani mlikuwa mnafanyaje bila mitambo?" Nikamwambia keti. Akaketi, simu ikalia, akaondoka. Basi nimechukua kalamu. Mkono wangu ni wa mtu wa darasa la pili na chuo cha Kurani, kwa hivyo mkiona herufi zinalala, zisimamisheni wenyewe.

Uwanja wetu ulikuwa nje ya mji, ukifuata barabara ya Nairobi, mbele ya hapo mnapopaita Free Area. Usiwaze lami. Ulikuwa ni uwanja wa nyasi, na upande mmoja una mtaro wa maji ya mvua, upande wa pili una mashimo marefu walikochimba murram ya kutengeneza barabara. Kati ya mtaro na mashimo ndiyo njia ya ndege. Ndege ikitoka kwenye njia, iende kulia au kushoto, inaingia shimoni. Kila tulichofanya pale, siku zote, kilikuwa ni kumwonyesha rubani njia iko wapi, na kuhakikisha hakuna kitu juu yake. Hiyo ndiyo kazi, Rehema. Hata mitambo yako inafanya hiyo hiyo.

Mimi niliingia uwanjani kwa sababu ya soksi. Soksi ya upepo, ule mfuko mrefu unaofungwa juu ya mlingoti ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Ya zamani ilichanika, na Juma, aliyekuwa akimsaidia Fundi Kartar kufungua na kufunga injini, akasema mke wangu ana cherehani. Nikashona. Nilishona kwa kitambaa kigumu cha suruali za askari, nikakunja pindo mara mbili, mishono iliyonyooka kama reli. Bwana Lindsey akaigeuza huku na huku akasema, "Mzuri sana, mama, mzuri sana." Wakaipandisha.

Ikaning'inia tu kama mkono wa kanzu ya maiti. Upepo unavuma, kofia ya Mzee Chumo imeruka, soksi haina habari. Kapteni Dawson akaja, akaitazama, akaona hakuna upepo, akatua upepo ukiwa mgongoni mwake. Ndege ikakimbia, ikakimbia, ikaenda kusimama pua ndani ya vichaka vya leleshwa. Akashuka anajifuta uso, akasema kwa ule upole wake, "Nani ameshona suruali hii?"

Fundi Kartar akanichukua kando. Alikuwa na Kiswahili chake mwenyewe, lakini maneno yake hayakuwahi kunipotea. "Dada, wewe shona nguo ya kudumu. Mimi nataka nguo ya kusikia. Chukua bafta nyepesi. Kata moja, usikunje. Mdomo weka waya, mkia acha wazi. Halafu shika hivi, puliza kwa mdomo. Kama nguo nakataa pumzi yako, itakataa upepo ya Mungu."

Tangu siku hiyo sikupandisha soksi bila kuipuliza kwanza. Juma alikuwa akiniona nyumbani nimekaa kitandani napuliza bafta, akasema, "Mke wangu, moto huo hautawaka."

Kupitia soksi nikapata na kazi nyingine za uwanja, na hapo ndipo nilipofundishwa na Wanjiru. Kila asubuhi, kabla ndege haijatoka wala kuingia, uwanja ulitembewa. Nasema ulitembewa, si kutazamwa. Tulijipanga mstari toka mtaroni hadi ukingo wa mashimo, tukaenda polepole mpaka mwisho, na tulikwenda pekupeku. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya kamba. Wanjiru akasimama mbele yangu.

"Vua."

"Kuna baridi, Wanjiru."

"Shimo la fuko linafunikwa na nyasi. Jicho litalipita. Mguu haulipiti. Ama unataka gurudumu la ndege ndilo lilipate?"

Nikavua. Umande wa Nakuru asubuhi, wale mnaoujua mnaujua. Lakini ni kweli. Mguu unasikia udongo umelegea kabla haujadidimia. Wanjiru alikuwa anapita, mara anasimama, anabonyeza kwa kisigino, anasema "hapa", na Mzee Chumo anakuja na sururu, anafukua, anakuta fuko amepita jana. Uwanja ule Wanjiru aliujua kwa nyayo kama mimi ninavyolijua jiko langu gizani.

Na pundamilia. Hao walikuja kula nyasi zetu kwa sababu tulizikata fupi na zilichipua tamu. Mgeni atawapigia kelele na kurusha mawe. Nao watakimbia mduara na kurudi pale pale, tena wamechangamka. Mzee Chumo alitufundisha tusiwaendee. Tembea kama mtu anayekwenda zake mahali pengine, kidogo pembeni, usiwatazame machoni. Wenyewe watasogea, na watasogea, mpaka wako nje ya ua wa waya na hawajui kama wamefukuzwa. Njia hiyo niliitumia baadaye kwa wageni wasiotaka kuondoka nyumbani.

Sasa njooni kwenye mawe, maana bila mawe hamtaelewa. Kando ya njia ya ndege, pande zote mbili, tulipanga mawe makubwa, tukayapaka chokaa. Rubani akiwa juu anaona mistari miwili myeupe juu ya nyasi, anajua atue katikati. Chokaa ilikuwa kazi yangu na Wanjiru. Yeye alivaa gauni alilolishona kutoka magunia ya unga, jeupe lenye maandishi yaliyofifia, kwa sababu chokaa ingeharibu nguo yoyote. Mimi nilikwenda na buibui langu, nikilikunja kiunoni nikifika.

"Zuhura," aliniambia asubuhi moja, "hiyo nguo yako, nikikuona unakuja kwa mbali nasema ona, gunia la makaa limeota miguu."

"Na wewe ukiinama kwenye hayo mawe," nikamwambia, "sijui nipake chokaa jiwe au nikupake wewe. Hata sioni tofauti."

Tulicheka tukamwaga ndoo. Mzee Chumo akatutolea macho.

Ule mwaka kiangazi kilikuwa kikali. Ziwa letu lilirudi nyuma, likarudi nyuma, mpaka heroe, ndege wetu wa waridi, wakahama, tukabaki na uwanda mweupe wa magadi umekauka kama unga wa muhogo. Adhuhuri ikipita, upepo unaamka, unabeba ule unga na kuuleta mjini. Nyinyi hamjauona, Mungu awaepushie. Unaanika nguo safi, unaanua nguo iliyokakamaa. Macho yanawasha. Chai ina ladha ya sabuni. Watoto wanarudi chuoni wana nyusi nyeupe kama wazee.

Na uwanjani, nyasi zote zikawa nyeupe. Sisi tukafanya nini? Tuliona mawe hayaonekani vizuri, tukaongeza chokaa. Wiki iliyofuata vumbi likazidi, tukaongeza chokaa tena, tabaka juu ya tabaka. Bwana Lindsey aliagiza magunia zaidi kutoka mjini. Mzee Chumo alisema bado hayajang'aa. Fundi Kartar alipita akasema, "Safi kabisa." Kapteni Dawson mwenyewe alituambia asante. Hakuna aliyewaza kwamba tulikuwa tunapaka weupe juu ya weupe. Tulikuwa tumeshaambiwa mawe hupakwa chokaa, basi.

Ilikuwa mwezi wa mfungo sita, mwezi wa maulidi. Bondeni tulisoma maulidi kubwa, wageni walikuja toka Eldama Ravine na Naivasha, na kesho yake wanawake walikuwa na desturi ya kufunga chakula kilichobaki na kwenda mandari. Mwaka ule Bi Khadija akasema, "Tutakwenda kumpokea mwanangu." Kwa sababu Juma hakuwepo kwenye maulidi. Alikuwa ameitwa aende Kisumu na Kapteni Dawson, kwa ajili ya injini iliyokuwa ikikohoa huko, na mimi nilikuwa nimenuna. Nilimwambia usiku wa kuamkia safari, "Hata maulidi ya Mtume unayaacha kwa ajili ya injini?" Akasema, "Nitarudi siku ya mandari kabla ya alasiri, uniwekee maini." Nikamgeuzia mgongo. Hayo ndiyo maneno tuliyoachana nayo.

Basi tukafika uwanjani, tukakaa nje ya waya kwenye kivuli cha mgunga, wanawake wote na mabuibui yao mazuri ya sikukuu, sufuria la pilau katikati, mahamri kwenye kikapu. Bwana Lindsey alituruhusu, ila alisema tusiingie ndani. Wanjiru, ambaye alikuwa kazini, akaja kula nasi. Bi Khadija alimpakulia nyama nyingi kuliko mimi.

"Huyu anafanya kazi," akasema. "Wewe unanuna tu."

Tulipokuwa tunaosha mikono, upepo ukaamka.

Nimeona vumbi miaka mingi, lakini lile lilikuja kama mtu anayevuta shuka. Lilikuwa chini, linatambaa juu ya ardhi, na juu yake mbingu ilikuwa ya buluu safi. Tukafunika sufuria. Mara tukasikia mlio. Ndege ile tuliijua kwa sauti.

Ikapita juu yetu, tukaiona vizuri kabisa, hata namba zake ubavuni. Watu wa Bondeni wakapiga vigelegele. Ikazunguka. Ikashuka kidogo upande wa mashimo, halafu injini ikanguruma kwa nguvu na ikapanda tena. Ikazunguka tena. Ikashuka, safari hii juu ya mtaro. Ikapanda.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Nilikimbia hadi kwenye kibanda. Fundi Kartar alikuwa amesimama nje, kilemba amekifunika kwa kitambaa, anaitazama ndege na midomo inahesabu.

"Fundi, kwa nini hatui?"

"Haoni njia. Yeye naona weupe tu. Anatafuta."

"Si aende kwingine?"

Akanitazama. "Dada, asubuhi hii kuna mvua kubwa upande wa Londiani. Kisumu walisema kwa simu yeye takuja kwa kuzunguka. Petroli yake naona imekwisha karibu. Kwingine hafiki."

Bwana Lindsey alikuwa ameshawasha matairi mabovu ili moshi uonyeshe mahali. Upepo ukaulaza moshi chini, ukauchanganya na vumbi, ukawa si moshi si vumbi. Akawa anazunguka ule moto akipiga teke majivu. Mzee Chumo alikuwa amempeleka Wanjiru mbio apanguse mawe kwa ufagio. Akarudi anakohoa, nyusi nyeupe, gauni lake la unga na uso wake na vumbi vyote kitu kimoja.

"Mzee, mawe siyaoni hata nikiwa nimeyakanyaga," akasema. "Naona hao tu." Akanyoosha mkono kwenye waya, walikosimama wanawake wa Bondeni. "Wako kama kunguru kwenye unga."

Mzee Chumo akageuka akawatazama. Akatazama mawe. Akatazama tena wanawake. Akaanza kutembea kwenda kwao, na sisi tukamfuata.

"Mama," akamwambia Bi Khadija, akivua kofia, "mwanao haoni njia. Nyinyi mnaonekana. Naomba mje msimame kwenye mawe. Upande huu na upande ule."

Mama Saburi akasema, "Tusimame mbele ya ndege? Ikitupitia?"

"Nje ya mawe, hatua kadhaa nyuma. Akitua katikati yenu hamna neno. Mkiiona inakuja upande wenu, laleni kifudifudi."

"Na nguo zetu za maulidi?" akauliza Halima, na mpaka leo sijui kama alitania.

Bi Khadija akafunga kikapu cha mahamri. Akajifunga buibui vizuri kichwani, akasema, "Aliye juu nimemzaa mimi, lakini wote mmekula harusi yake. Haya." Akapita chini ya waya kwanza yeye, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu.

Bwana Lindsey alipoona akapiga kelele, "Hapana! Hatari! Rudi!" Mzee Chumo akamweleza kwa maneno mawili matatu. Mzungu akaingia kibandani, akatoka na koti lake la mvua, jeusi, refu, akalivaa jua likiwa linawaka, akaenda kusimama mstarini baina ya Fatuma na Maryam. Mabinti wa mwalimu wa chuo walisogea kidogo, nafasi ya heshima.

Wakajipanga. Upande wa mtaro ukajaa. Upande wa mashimo ukabaki na pengo mwisho kabisa, kule kona ya ziwani, ambako ndiko ndege ingeingilia. Bila kona ile rubani angejua njia inakwenda wapi lakini asijue inaanzia wapi, na pale ukingo wa shimo ulikuwa umemomonyoka. Kwenye vumbi lile hakuna hata mmoja wetu angefika bila kutumbukia. Mtu wa kufika alikuwa mmoja tu, na amevaa gunia la unga.

Nilivua buibui langu. Mbele ya wanaume, mchana kweupe, nikabaki na kanga. Nikampa.

"Utalikanyaga," nikamwambia. "Likunje hapa."

"Najua," akasema Wanjiru. "Si nimekuona ukilikunja kila siku, gunia la makaa." Akavua viatu. Akaenda. Nilimwona hatua chache, halafu nikaona weusi tu unakwenda, unasimama, unapapasa kwa mguu, unakwenda.

Mimi nilirudi kwenye mlingoti, kwa sababu soksi yangu ilikuwa imejisokota juu ya nguzo na vumbi limeilemea. Nilitwaa ufito, nikaigonga mpaka ikajaa upepo. Halafu nikaishikilia hivyo kila ilipotaka kujisokota, macho yamejaa magadi, nikiwaza yale maini niliyokataa kuyaweka.

Ndege ilikuja tena. Injini ilikuwa inakohoa sasa, hata mimi nilisikia. Ikazunguka upande wa Menengai, ikageuka. Nikaiona inainamisha bawa moja kama mtu anayechungulia kisimani. Halafu ikanyooka. Ikashuka moja kwa moja kwenye kona ya ziwani.

Wanjiru alisimama. Ndege ilimjia mpaka nikafunga macho, na nilipoyafungua weusi haukuwepo pale, na magurudumu yalikuwa yameshagusa ardhi, yanakimbia katikati ya mabuibui, upande huu wanawake na upande ule wanawake, na Bi Khadija amenyoosha mkono kana kwamba atamshika mwanawe akipita. Ikasimama. Panga la mbele likazunguka mara chache likakwama lenyewe. Petroli ilikuwa imekwisha pale pale.

Juma akashuka. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Akatazama mistari miwili ya wanawake waliovaa meusi, kimya, kwenye uwanja mweupe, akasema, "Kutoka juu nilidhani mmekuja kunizika. Nikamwambia Kapteni, tua haraka, wameshaanza."

Mama yake akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia, kisha akampiga tena.

Mimi nilikimbilia konani. Wanjiru alikuwa amelala kifudifudi kama alivyoagizwa, upepo wa ndege umemfunika buibui kichwani. Niliita jina lake. Akainuka ameketi, akatema mchanga.

"Imepita?" akauliza.

"Imepita. Imesimama."

"Basi nipe maji. Na pilau kama Halima hajaimaliza."

Kapteni Dawson alikuja hadi pale kwa miguu. Alitaka kujua ni nani aliyesimama kwenye ile kona, maana alisema hiyo ndiyo aliyoishika kwa macho, nyingine zote alizipata baada ya hiyo. Wanjiru akasema, "Ni mimi." Kapteni akampa mkono. Niliona kwa macho yangu.

Kesho yake Mzee Chumo alichanganya masizi na mafuta machafu ya injini, tukapaka mawe: moja jeupe, moja jeusi, moja jeupe, moja jeusi. Kiangazi yanaonekana meusi, masika yanaonekana meupe. Viwanja vingine vya wakulima huko Njoro na Subukia vilikuja kuiga, na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Rehema, ukiona kitu kazini kimepakwa rangi mbili, ujue kuna siku rangi moja ilishindwa.

Nilimwambia Wanjiru akae na buibui hadi alifue. Alifua, akaendelea kukaa nalo. Siku za vumbi alikuja nalo kazini, Mkristo wa Dundori na buibui, Mzee Chumo anamwamkia "Assalam aleikum" na yeye anajibu vizuri tu. Sikulidai. Nilijishonea jingine.

Miaka michache baadaye ikaja Hali ya Hatari, na mnajua Wakikuyu wa huku walifanywaje, walivyokamatwa na kuhamishwa kwa nguvu. Asubuhi moja tulijipanga kutembea uwanja na mstari ulikuwa na pengo. Mzee Chumo alikuwa amesikia kwamba malori yamejipanga stesheni. Niliondoka bila ruhusa. Nilimwona Wanjiru juu ya lori, na mama yake, na godoro, na sufuria. Amejitanda lile buibui, kwa sababu kulikuwa na baridi. Askari alinizuia nisisogee. Akaniita kwa sauti, "Zuhura! Vaa viatu, si nimeondoka!" Watu wa kwenye lori walimtazama hawakuelewa. Nami nilikuwa nacheka na kulia.

Sikumwona tena. Mume wangu aliuliza kwa madereva, mimi niliuliza kwa wachuuzi wa viazi waliokuja kutoka Dundori baada ya Uhuru. Mmoja alisema yuko hai, mwingine alisema familia ilipelekwa kwingine haikurudi.

Na kwa sababu hakurudi, kisa kikabaki Bondeni bila yeye. Kwenye harusi wanasimulia mabuibui waliosimama, na sasa hata waliokuwa hawajazaliwa wamesimama. Kona ya ziwani wamempa Bi Asha, wengine wanasema Halima. Bi Asha, Mungu amrehemu, hakuwahi kusema alikuwa kule. Alikuwa wa pili kutoka mlingotini, nilimgusa bega nikipita. Juma wangu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, tukapata watoto, nao wakawapata nyinyi. Mliozaliwa katika nyumba hii mmetokana na ile kona. Sitaki mwende kwenye kazi zenu hamjui ni nani aliyekuwa amesimama pale.

Sasa nimechoka na taa imeanza kucheza. Umri wangu ni mkubwa, na inawezekana nimechanganya mambo. Pengine Mama Saburi alikuwa upande wa mtaro na si wa mashimo. Pengine mvua ile ilikuwa ya Molo na si ya Londiani. Pengine ilikuwa maulidi ya mwaka uliotangulia. Mwenye kukumbuka vizuri, au aliyeambiwa na mama yake, aje anisahihishe, nitamshukuru na nitamchemshia chai. Ila jina la kona ya ziwani msinisahihishe.

Na kama kuna nyumba huko Dundori, au popote walipofikia, yenye kitambaa cheusi cha zamani ambacho hakuna anayejua kiliingiaje katika nyumba ya Wakristo, kifunueni mtazame pindo la chini. Uzi mweusi uliniishia nikalimalizia kwa uzi wa buluu, upande wa kushoto, kiasi cha shubiri moja. Mkiuona huo uzi, nyanya yenu ni Wanjiru, na mimi ninawatafuta.